Radhi Uliyoitoa kwa Mdomo Wangu

Busi, Kondoa
20 Mei, 1993

Kwa mdogo wangu Salha,

Assalamu alaykum. Salamu ni haki ya kila Muislamu, hata yule aliyekuudhi, kwa hiyo nimeanza nayo na nimekupa kamili, sijaikata. Mimi ni mzima. Magoti yananiuma asubuhi, mchana yananyamaza. Uwele umejaa vizuri mwaka huu, ndege nao wamejaa vizuri, na mimi nashinda juu ya dungu nikiwatupia madongo kwa teo mpaka bega linagoma. Yule mbuzi mweusi uliyempenda amezaa mapacha. Wewe je, hujambo? Presha imeshuka? Ule mguu uliokuwa unavimba? Mustapha na mkewe hawajambo? Nakuuliza kwa kweli, sikuulizi kwa desturi tu, maana nataka uwe na afya yako wakati unasomewa yanayofuata.

Anayeniandikia ni mwalimu Anastazia, mpangaji wangu wa chumba cha uani. Nimemchagua yeye kwa sababu si wa ukoo wetu, na kwa sababu anajua kufunga mdomo. Tumekubaliana kwamba mimi naongea, yeye anaandika, wala hapambi. Ameshaniuliza kama kweli nataka neno fulani liingie, nikamwambia kalamu ni yake ila hasira ni yangu. Na wewe Mustapha, najua ni wewe unayemsomea mama yako. Soma kama ulivyoandikiwa. Ukifika mahali ukaona haya, meza mate uendelee. Usiruke.

Salha, nimemwona Hanifu.

Hanifu yule yule, mtoto wa marehemu mwanangu Harithi. Mimi nilimbeba mgongoni alipofiwa na baba, na mama yake alipoolewa Babati nikabaki naye mpaka akaota meno ya pili, kisha nikakukabidhi wewe hapo Dodoma asome shule za mjini. Amelala kwako, amekula kwako, na kwa hilo nakushukuru leo kama ninavyokushukuru siku zote. Lakini uliniambia nini juu yake ulipokuja kuniuguza ile homa baada ya Idi? Nilikuwa nimelala nikitetemeka, wewe umekaa kwenye kigoda unanipoza kwa kitambaa, ukaniambia nitulie, Hanifu ameachana na mambo yake ya bahari, amepata kibarua cha kupasua kokoto za reli pale Ihumwa. Nikalia kwa furaha. Homa ikaniachia palepale. Tangu siku hiyo kila nikimaliza kuswali namwombea mikono yake isichubuke na mawe. Kumbe nilikuwa nawaombea wapasua kokoto wa Ihumwa nisiowajua hata mmoja. Basi Mungu awape wao, dua haipotei. Ila Hanifu hakuwa Ihumwa. Alikuwa Tanga, na wiki iliyopita alikuwa hapa chini ya kilima changu, bwawani, kichwa chini miguu juu.

Ilikuwa hivi. Nipo juu ya dungu, jua limeanza kuchoma, naona watoto wanaowinga ndege kwenye mashamba ya jirani wanateremka mbio kuelekea bwawani, wameacha uwele wa wazazi wao unaliwa. Nikawapigia kelele, nikamtukana kila mmoja kwa jina la baba yake. Hakuna aliyegeuka. Nikasimama nione wanakimbilia nini. Bwawa limejaa mwaka huu mpaka kwenye migunga, na katikati nikaona kitu kirefu, chembamba, cha buluu, kama ganda la kunde lililolala tumbo juu. Kando yake mwanamume kasimama, maji yamemfika kifuani, mikono kaikunja kama mtu anayesubiri chai. Halafu mkono wa mtu mwingine ukachomoza chini ya lile ganda, ukatapatapa, ukazama.

Sijui nilishukaje kwenye dungu. Teo nilikuwa nalo mkononi, na dongo limo ndani. Nilipofika ukingoni nikamtungua nalo yule mwanamume, likampata nyuma ya sikio, nikamwambia shetani mkubwa, mtu anakufa unamtazama! Akageuka anacheka. Anacheka, Salha. Nikaingia majini na nguo zangu, maji yenyewe yale ya kichocho, nikalikamata lile ganda kwa mikono miwili, nikalikumbatia nikalivuta kwa nguvu zote nilizobakiwa nazo, huku namwita Mungu na namwita mama yetu. Yule mwanamume sasa hacheki, anapiga kelele niachie, bibi achia, bibi unamzuia asiinuke. Mimi nikazidi kukaza. Ndipo mtu akachomoka chini yake kwa ubavuni, anakohoa, macho mekundu, kamasi zinamtoka, akanitazama, akasema shikamoo bibi.

Nikamwitikia marahaba. Mdomo umezoea. Halafu nikakaa chini palepale kwenye tope.

Nakueleza kitu chenyewe maana nilielezwa, na sasa nakijua kuliko nilivyopenda. Ni mtumbwi wa kukunja. Ukiwa umekunjwa unaingia kwenye mifuko miwili, utadhani ni mitumba ya mnadani. Wanaujenga kama tunavyojenga kibanda, fito kwanza, mbavu baadaye, mwisho wanauvika ngozi ya turubai na mpira. Juu una tundu moja, mtu anaingia humo miguu mbele kama anavaa suruali, halafu anafunga kiunoni sketi ya mpira maji yasiingie. Ndiyo, sketi, na ni mwanamume. Kazi wanayojifunza ni kujipindua makusudi wakiwa wamo ndani, kisha kujiinua palepale bila kutoka, kwa kafi na kwa kiuno. Wanasema baharini wimbi likikupindua huna wa kukuinua isipokuwa wewe mwenyewe. Na ile kampuni ya watalii ya huko Tanga, moja ya hizi zilizoota kama uyoga tangu mambo yawe ruksa, itawatoa watu kwa mitumbwi hiyo, wazungu na wenyeji wachache, kutoka Pangani wakiambaa pwani mpaka Mtwara. Hanifu wamemchukua awe mpishi na mkalimani wao. Lakini sharti ni moja kwa wote. Asiyejua kujiinua haendi, na asiyekwenda hana kazi.

Huyu wa kucheka jina lake Athuman, kijana wa Tanga, ndiye anayemfundisha. Mtu wa pwani kwelikweli, ulimi haumkai kinywani. Damu inamtoka sikioni kwa dongo langu naye ananiambia kama kampuni ingeniona mimi ingeniajiri nilinde mitumbwi. Alinieleza kwamba Hanifu anashindwa kwa sababu ana haraka ya kupumua, anatoa kichwa kwanza, na anayetoa kichwa kwanza anarudi chini. Kiuno kianze, kichwa kiwe cha mwisho kabisa. Akasema watu wa milimani viuno vyetu vimezoea kubeba kuni, havijui kucheza. Nikamwambia kwetu kiuno wanacheza wanawake, na wakicheza yeye hataalikwa. Akacheka mpaka akashika magoti. Salha, nami nilitaka kucheka. Nilikuwa nimemwona mtoto wangu hai, nimelowa, ningecheka na yeyote.

Ndipo Hanifu akasimama, akatoka kwenye maji, nikaona alichojifunga kiunoni.

Kanga yangu. Ile ya manjano na nyeusi aliyoninunulia Harithi kwa mshahara wake wa kwanza wa udereva. Ile iliyopotea ulipokuwa kwangu. Unakumbuka tulivyoitafuta? Mimi nakumbuka. Ulipiga magoti ukachungulia chini ya kitanda changu kwa kurunzi. Ulikung'uta godoro. Ulinisaidia kutoa magunia yote ya mtama ghalani na kuyarudisha. Uliniambia labda nimeianika nikasahau, labda mbuzi wameila, na mwisho ukaniambia kwa sauti ya chini kwamba jirani yangu Rukaya amekuwa anaingia ingia sana. Mimi nikaacha kwenda kuomba moto kwa Rukaya. Mwanamke tuliyefundwa pamoja, nikapita mlangoni kwake nimegeuza uso. Na kanga wakati huo ilikuwa kwenye mkoba wako, imekunjwa chini ya karanga nilizokupa.

Nilimuuliza Hanifu ameipata wapi. Hakunielewa. Akasema kwani si mimi niliyempelekea? Akanikumbusha kwa upole, kama mtu anavyomkumbusha mzee aliyeanza kusahau, kwamba nilimpa Bibi Salha ampelekee, iwe alama yangu, aifunge kiunoni kila akiingia majini. Athuman naye akadakia kwa mdomo wake ule mrefu, akasema bibi, maneno yako tunayajua sote kambini, ulisema unamtoa kwa moyo mweupe, Hanifu alituhadithia huku analia.

Basi hapo nikawaacha waseme, na wakasema yote. Walidhani wananifurahisha.

Walisema ulirudi Dodoma ukamwita Hanifu kutoka Tanga. Ukamsimamisha uani kwako asubuhi, akiwa hajala. Ukanywa funda la maji ukampulizia kifuani, kama tunavyofanya sisi kwa anayesafiri, ukamwambia maji haya ni ya bibi yako Mwanahawa, mimi ni mdomo tu uliotumwa. Ukamfunga kanga yangu kwa mikono yako. Na ukamwambia bibi yako ameridhia ila hawezi kukuona kwa macho ukienda, moyo utampasuka, kwa hiyo usiende Busi mpaka urudi safari. Ndiyo maana mtoto amekaa siku zote hizo ng'ambo ya bwawa kwa rafiki yake, anaona moshi wa jiko langu, hanyanyui mguu kuja. Bwawa hili lenyewe alilichagua kusudi. Kule Tanga wenzake wa pwani walikuwa wanamcheka kila akizama, akatafuta maji yaliyotulia, na akaona akiwa hapa angalau atalala karibu na mimi. Akawaomba watu wa kijiji wasiniambie, wasije wakanivunja moyo. Wakatii. Kijiji kizima kilikuwa kinateremka kumtazama mjukuu wangu anajipindua, jioni kinapita kwangu kunisalimu na kuniuliza habari za uwele. Hata shehe. Hata huyu Anastazia hapa, anayeandika huku ameinamisha uso. Nimemwambia aandike na hilo.

Sasa nakuuliza, Salha. Siku ya Idi, Hanifu alipokuja kuniomba radhi aende baharini nikakataa, wewe ulikuwepo. Ulikuwa unachambua mchele. Alipiga magoti, nikakataa. Akaniuliza kwa nini, nikamwambia sababu ni yangu. Alilala bila kula pilau, na asubuhi akaondoka. Wewe ungeweza kuniambia palepale kwamba nakosea. Ungeweza kunifokea, umeshanifokea mara nyingi, nani amekukataza? Ungeweza kumpa radhi zako wewe mwenyewe, nawe ni bibi yake, umemlea, una haki hiyo kama mimi. Ungempulizia maji ukamwambia haya ni ya Salha. Ningekasirika, ningekununia mpaka mavuno, basi. Lakini hukutaka ya kwako. Ulitaka ya kwangu, na ulipoona sitoi ukayachukua. Uliingia kwangu nikiwa mgonjwa, ukanipikia uji, ukanikanda miguu, na mkono huohuo ukafungua sanduku langu.

Mwizi wa kuku huja usiku, huwezi kumlaumu sana, hakujui. Wewe tumelala ngozi moja tangu utoto. Wewe nilikubeba mimi mama alipokwenda kondeni. Nikiwa na siri ya kumwambia mtu, ungekuwa wewe. Nikiogopa, ningekuita wewe. Ndiyo maana pale bwawani, nilipoyasikia hayo, sikupiga kelele. Sikuwa na wa kumwita.

Nilimwambia Hanifu kweli. Nilimwambia sijatuma kanga, sijatuma maji, sijatuma neno, na kwamba mdomo uliomtolea radhi haukutumwa na mtu. Najua ungependa ningenyamaza nikamwacha aende na furaha yake. Hapana. Uongo wako siubebi mimi.

Alifungua kanga kiunoni, akaikamua, akanipa. Kisha akaubomoa ule mtumbwi fito moja moja, akaurudisha kwenye mifuko yake. Athuman alimsihi mpaka akaishiwa utani. Akamkumbusha kazi, akamkumbusha kampuni haimngoji mtu, kwamba wengi Tanga wanaitaka nafasi hiyo. Hanifu akamwambia hawezi kuingia baharini bila radhi za aliyemlea. Akaja nyumbani na mifuko yake, akajilaza chumbani alipolala utotoni, miguu imetokeza nje ya kitanda. Nikapika ugali, hakula. Nikapika wali, hakula. Asubuhi akachukua teo langu akaenda kuniwingia ndege bila kuambiwa. Mwanamume mzima aliyesoma, juu ya dungu, kimya, na ndege wenyewe hawapigi, anatupa madongo popote.

Nilikuwa nimepata nilichokitaka. Hanifu nyumbani, mbali na maji, chini ya macho yangu. Nikamtazama kutoka jikoni na nikaona sijampata.

Alipoteremka mchana alikuja akakaa karibu na jiko. Akaniambia hataondoka na hatanilaumu, atatafuta hicho kibarua cha Ihumwa kama kipo, ila anaomba jambo moja tu. Nimweleze kwa nini. Akasema anajua mimi si mtu wa kuogopa ovyo, amenikuta nimeua swila kwa mchi, kwa hiyo kuna kitu.

Salha, nililomwambia sikuwahi kumwambia mtu. Si marehemu mume wangu, si wewe. Sasa nakuambia na wewe, maana ameshasikia mmoja na sitaki usikie kwa mwingine.

Mnajua wote Harithi alivyokufa. Lori limejaa vitunguu, mto umefurika kwa mvua za milimani, madereva wenzake wamesimama ng'ambo wanangoja maji yapungue, yeye akaingia. Lori lilikutwa tairi juu, naye yumo ndani. Ninyi mlijua alitoka kwangu mbio bila kuaga, kwa sababu tulikuwa tumegombana siku moja kabla, na mimi niliwaacha mjue hivyo. Haikuwa hivyo. Asubuhi ile alikuja. Gari lilikuwa linaunguruma barabarani, akaja mlangoni, akavua viatu, akaniomba radhi. Nikachukua kata nikanywa funda, nikampulizia kifuani mpaka shati likalowa, akaruka kwa baridi, tukacheka. Nikamwambia nenda mwanangu, utarudi. Nilisema hivyo. Utarudi. Na nilisema nikiwa na hakika, kama ninavyojua kwamba asubuhi kutakucha.

Alikwenda na radhi zangu zote, Salha. Hazikupungua hata tone. Wakaniletea mimi mama yake maiti yenye vitunguu mifukoni.

Tangu hapo mdomo huu siuamini. Nilipoona watu wanasema kafa kwa sababu hakuaga, nikawaacha, maana bora waamini alikosa radhi kuliko wajue alikuwa nazo na hazikufaa kitu. Sasa Hanifu alipopiga magoti siku ya Idi, akataka maji yale yale, kifua ni kile kile cha baba yake, nilisema moyoni, siku nikifungua mdomo huu juu yake nitamzika. Sikumnyima kwa roho mbaya. Nilimnyima ili aishi. Na wewe ukaenda ukamwambia nimetoa! Maneno yale yale niliyoyafungia, ukayatamka uani kwako kwa jina langu, na mimi huku nimelala najua mtoto yuko salama Ihumwa.

Nilipomaliza kumwambia Hanifu niliogopa kumtazama. Nilidhani atachukia. Alikaa, akachokoa moto, kisha nikaona mabega yanatikisika, nikadhani analia, kumbe analia na anacheka pamoja. Akaniuliza ni kweli shati lililowa? Nikamwambia lililowa mpaka kwenye mkanda. Akaniuliza baba alicheka? Nikamwambia alicheka. Akataka nirudie tena. Nikarudia.

Ndipo akaniambia kwamba maisha yake yote amejua baba yake alikufa kwa kukosa radhi. Kwamba alikuwa anaona usingizini lori tairi juu na mimi nimesimama ukingoni nimegeuza mgongo. Hakuthubutu kufanya jambo lolote bila radhi kwa kuogopa hilo. Nikamuuliza nani alimwambia. Akasema Bibi Salha, alipokuwa mdogo, alipokuwa anatoroka shule.

Hilo sikulaumu sana. Ulisema ulichokijua, na asiyekuambia kweli ni mimi. Lakini naomba ulijue, ulimtisha mtoto kwa kifo cha baba yake.

Kesho yake alfajiri, baada ya kuswali, nilimwamsha nikamwambia achukue mifuko yake tushuke. Akaniuliza twende wapi. Nikamwambia bwawani, akanionyeshe. Athuman, aliyekuwa bado hajaondoka, alikuja anafikicha macho na sikio lake limevimba, akauliza kama nimebeba teo. Nikamwambia ninalo. Akasimama mbali.

Walijenga mtumbwi, Hanifu akaingia, akafunga sketi yake, akasogea mpaka kwenye kina. Akanitazama. Nikamwambia pinduka. Akapinduka. Lile ganda likalala tumbo juu, na mimi nimesimama ukingoni, uso nimeuelekeza kwake, sikugeuza mgongo. Athuman alinikataza nisiingie majini, nami sikuingia, ila nilijishika nguo kifuani mpaka mshono ukakatika. Mara ya kwanza alitoa kichwa mapema, akarudi chini. Athuman akapiga hatua kwenda kumwinua, nikamwambia mwache. Kafi likatokea juu ya maji, likafagia taratibu kama mtu anayefagia ua ambao si wake, kisha ubavu wa mtumbwi, kisha bega. Kichwa kikawa cha mwisho. Alipotulia maji yanamchuruzika aliguna kama ng'ombe, na watoto wote, maana walikuwa wameshafika, wakapiga vigelegele. Nikamwambia tena. Akarudia. Tena. Akarudia mpaka Athuman akaniambia bibi, sasa unamwua kwa kuchoka.

Akatoka, akapiga magoti kwenye tope mbele yangu kama siku ile ya Idi. Nilikuwa na kibuyu changu cha maji ya kunywa. Nikanywa funda. Salha, sikuweza kulitoa. Mdomo ulikuwa umejaa, mashavu yamenivimba, machozi yananitoka, watoto wananitazama, na Hanifu kanyanyua kifua anangoja. Mwisho nikampulizia. Alikuwa ameshalowa tayari, hata hakushtuka. Nikamwambia nenda. Neno lile jingine, la utarudi, sikulisema. Nikamwambia nenda, mimi nakungoja.

Akaniuliza kama aichukue kanga. Nikamwambia hapana, kanga nimekwisha kumpelekea Rukaya, nikamwomba msamaha mlangoni kwake mbele ya wakwe zake. Ameikataa, kisha ameivaa, kisha ametukana. Tumepatana.

Hanifu ameondoka jana kwa basi la Kondoa na mifuko yake. Mwisho wa mwezi wanaingia majini. Akifika Mtwara atatuma simu ya maandishi kwako hapo Dodoma, maana huku Busi hata ikija inafika imeoza. Ndivyo alivyosema, na ndiyo sababu nimeharakisha barua hii.

Sasa sikiliza. Sijakusamehe. Nimejaribu jana, nimejaribu na leo wakati namwambia Anastazia aandike, haijaja. Labda itakuja, labda haitakuja, mimi si mtu wa kudanganya. Lakini usiku sipati usingizi. Nikifumba macho naona ganda tumbo juu. Naamka, nakaa kitandani, nataka mtu wa kukaa naye, na najua nawe huko mjini umekaa kitandani hivyo hivyo, maana unampenda, na hilo ndilo lililokufanya uibe. Tumemtoa sote wawili, wewe kwa wizi, mimi kwa haki. Hatuwezi kumngoja katika nyumba mbili.

Mwambie Mustapha akae nyumbani kwako aisubiri hiyo simu, na ikifika apande nayo basi ailete mwenyewe. Wewe panda basi uje. Mlangoni utasimama, utasema ulichokifanya kwa mdomo wako, utaniomba, na mimi nitajibu litakalonijia siku hiyo. Likiwa baya utalivumilia. Kisha utaingia, utakula, tutalala ngozi moja, hata kama sitaki kuongea nawe. Usilete zawadi. Usilete sukari. Lete dawa zako za presha na ushungi mzito, baridi imeanza.

Nisalimie mke wa Mustapha na watoto wake. Majirani wa huku wanakusalimu, hawajui ulichokifanya, na kutoka kwangu hawatajua. Mwalimu Anastazia naye anakusalimu, anasema anaomba radhi kwa sehemu yake, nami nimemwambia yake nitaiongeza kwenye kodi ya chumba, akacheka. Mbuzi hawajambo.

Mungu akulinde njiani. Nakungoja wewe pia.

Mimi dada yako,
Mwanahawa binti Seleman

(Kidole changu hiki hapa, nimekiweka mwenyewe.)